Tundu la Tatu Lipimwe, Lisikisiwe

Kila soketi ya matundu matatu iliyofungwa ukutani Nakuru, iwe Milimani, Lanet au Kaptembwa, inamwahidi mtumiaji jambo asiloliona: kwamba siku waya wa moto utakapogusa bati la friji, pasi au mashine ya kufua, umeme huo utapata njia nyepesi ya kurudi kwenye transfoma, nyepesi kiasi cha kuvuta mkondo mkubwa na kuifanya breka ikate kabla mtu hajaumia. Tundu la juu lipo kwa kazi hiyo tu. Haliwashi taa wala halizungushi mota, na kwa sababu hiyo likiwa bovu hakuna anayejua. Kifaa kinafanya kazi, mpangaji anafurahi, fundi amelipwa. Hoja yangu ni kwamba katika eneo hili la kati la Bonde la Ufa, ambako sehemu kubwa ya udongo ni majivu na mawe mepesi ya volkeno, ahadi hiyo haifai kuaminiwa mpaka ipimwe soketi kwa soketi na matokeo yaandikwe kwa namba. Tena namba hizo, zikipatikana kwa uaminifu, zitaonyesha kwamba katika nyumba nyingi breka peke yake haiwezi kumlinda mtu na bati lenye stima.

Tuanze na njia yenyewe. Hitilafu ikitokea ndani ya kifaa, umeme hutoka kwenye koili ya transfoma, hupita waya wa moto wa juu ya nguzo, hushuka kwa kebo ya kuingilia nyumbani, huvuka mita na breka, hufika kwenye soketi, huingia kwenye kifaa na kugusa bati, kisha hurudi kwa waya wa ardhi hadi ulikotoka. Kila kipande cha safari hiyo kina ukinzani wake. Jumla ya vipande vyote, pamoja na kizuizi kinacholetwa na usumaku wa koili na nyaya, ndiyo impidansi ya mzunguko wa hitilafu ya ardhi, nayo hupimwa kwa omu. Gawanya volti 240 kwa omu hizo, utaujua mkondo utakaopita siku ya hitilafu. Breka ya aina B ya ampea 32 hukata papo hapo kwa uhakika mkondo ukifika mara tano ya kipimo chake, yaani ampea 160. Ya aina C huenda ikasubiri hadi mara kumi, ampea 320. Kanuni za Uingereza za BS 7671, ambazo mafundi wetu wamefundishwa kwazo kama vile soketi na plagi zetu zilivyo za mtindo wa BS 1363, zinaweka ukomo wa omu 1.37 kwa breka hiyo ya aina B na omu 0.68 kwa ile ya aina C, ili umeme ukatike katika muda usiozidi sekunde 0.4. Na kwa kuwa nyaya hupimwa zikiwa baridi, ilhali zikibeba mzigo hupata joto na ukinzani wake hupanda, mpimaji makini huruhusu sehemu nane kwa kumi tu ya ukomo huo. Kwa hiyo anatafuta takriban omu 1.1 kwa aina B, na nusu tu ya hapo kwa aina C.

Sasa tazama jinsi nyumba nyingi za Nakuru, Njoro, Molo au Gilgil zinavyoletewa stima kutoka kwenye nguzo. Kebo inayoshuka ina njia mbili, ya moto na ya nyutro. Ardhi haiji nayo. Fundi huitafuta hapo hapo kwa kupigilia rodi ya chuma iliyopakwa shaba kando ya ukuta, mara nyingi ya mita 1.2, na kuifunga kwenye kisanduku cha breka. Waya wa ardhi wa kila soketi unaishia kwenye rodi hiyo. Kutoka hapo mkondo wa hitilafu unatakiwa upite kwenye udongo mpaka kwenye rodi za transfoma, ambako nyutro nayo imefungwa ardhini. Udongo ndio unaoamua kila kitu. Mwaka 1936 mhandisi H. B. Dwight wa Marekani alichapisha hesabu ambazo wahandisi hutumia hadi leo kukadiria ukinzani wa rodi moja: kwa rodi ya mita 1.2 yenye unene wa milimita 12, chukua ukinzani wa udongo kwa omu-mita, uzidishe kwa robo tatu. Udongo mzuri wenye unyevu wa omu-mita 100 unakupa omu 75. Udongo wa omu-mita 1,000 unakupa omu 750. Hakuna shamba wala ploti ambayo rodi moja ya aina hiyo itakupa omu moja.

Fuata hesabu ya udongo ule mzuri. Rodi ya nyumba ina omu 75, na tuseme rodi za transfoma zina omu 10. Jumla ni omu 85, bila kutaja nyaya. Friji ikipata hitilafu, mkondo utakuwa ampea 2.8 hivi. Breka ya ampea 32 haihisi hata kidogo. Kwake huo ni mzigo mdogo kuliko pasi. Bati la friji nalo linabaki na volti zaidi ya 200 ukilinganisha na sakafu ya nje yenye maji, mchana na usiku, mpaka mtu alishike. Dalili pekee inaweza kuwa tokeni zinazoyeyuka bila maelezo, kwa sababu mkondo huo unakula zaidi ya nusu kilovati-saa kila saa inayopita. Mwenye nyumba atalaumu mita. Hitilafu kamili, ya waya wa moto uliogusa bati waziwazi, imepita mbele ya breka nzima isiyo na kasoro, na breka haikuwa na sababu ya kukata. Tena nimetumia udongo mzuri.

Udongo wetu, kwa sehemu kubwa, si ule. Mji wa Nakuru, uliopata hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, umekaa kwenye miteremko ya chini ya Menengai, juu ya majivu na mawe mepesi yaliyorushwa na volkeno hiyo. Kuelekea Gilgil na Kariandusi kuna matabaka ya diatomaiti, yale mabaki meupe ya maziwa ya kale. Mawe mepesi ya volkeno yana matundu mengi, maji hayakai humo. Mvua ikipita, mita ya juu ya ardhi hukauka upesi, na udongo mkavu haupitishi umeme kwa urahisi. Wanaotafuta mvuke wa ardhini Menengai na Olkaria wanalijua jambo hili kwa njia yao, kwani moja ya mbinu zao kuu ni kupima ukinzani wa ardhi. Wanachokitafuta chini kabisa ni tabaka la udongo wa mfinyanzi uliopikwa na maji moto, lenye ukinzani mdogo wa omu-mita chache. Juu yake, kule ambako rodi ya nyumba inafika, hukuta miamba na majivu makavu yenye ukinzani wa juu. Utajiri wa umeme wa eneo hili umo ndani sana, na ugumu wa kuulinda umo kwenye mita mbili za mwanzo.

Wala udongo haufanani mahali hadi mahali. Karibu na Ziwa Nakuru, upande wa Mwariki na Barut, ardhi ina magadi na unyevu, na rodi inaweza kutoa namba ndogo ya kupendeza, ingawa chumvi hiyo hiyo huila rodi polepole. Panda mtaa mmoja baada ya mwingine kuelekea Menengai, rodi ile ile ikipigiliwa kwa nyundo ile ile itatoa namba tofauti kabisa. Molo na Mau Summit hupata mvua nyingi kuliko Naivasha na Elementaita. Na mahali pale pale, Februari si Mei. Kipimo kilichochukuliwa wakati wa masika kinaweza kumridhisha kila mtu, kisha kikawa uongo kabla ya mvua nyingine. Kwa sababu hiyo sikubaliani na fundi anayesema anaujua udongo wa kwao. Anaweza kuujua wa kulima. Ukinzani wake haujulikani kwa macho, na kumwaga chumvi na makaa shimoni, desturi iliyoenea, huleta nafuu ya muda tu katika udongo unaopitisha maji namna hii: mvua chache na chumvi imeoshwa, rodi imeachwa na kutu.

Hapa ndipo vifaa vya bei rahisi vinapotudanganya. Testa ya bisibisi inaonyesha kama waya una moto, basi. Kile kipima soketi chenye taa tatu kinaonyesha kama nyaya zimefungwa mahali pake, lakini taa zake huwaka kwa mkondo mdogo sana, mkondo ambao hata rodi ya omu mia kadhaa huupitisha bila shida. Kinawasha taa za kijani kwenye soketi ya omu 0.8 na kwenye soketi ya omu 300 kwa rangi ile ile. Kinajibu swali la kama waya wa ardhi upo. Sisi tunauliza kama unaweza kubeba ampea 160, na swali hilo linahitaji kipima mzunguko, kifaa kinachochomekwa kwenye soketi yenye umeme, kikavuta mkondo kati ya waya wa moto na waya wa ardhi kwa muda mfupi mno, kikaangalia volti zimeshuka kiasi gani, kisha kikapiga hesabu ya omu. Kwa kipimo cha nguvu kifaa huvuta ampea 20 au zaidi kwa milisekunde chache. Kwa nyumba zenye RCD, swichi ya kinga nitakayoieleza baadaye, kuna kipimo cha pole, cha miliampea zisizofika 30, ili RCD isikate katikati ya kazi; majibu yake huyumba zaidi, hasa volti za laini zinapopanda na kushuka, kwa hiyo hurudiwa mara kadhaa.

Thamani kubwa ya kazi hii hupatikana mtu anapopima soketi zote badala ya moja iliyo karibu na mlango. Namba zikipangwa kwenye karatasi huanza kusema. Katika nyumba isiyotegemea rodi tu, soketi tisa zikitoa karibu omu 0.9 na ya kumi ikatoa omu 4, skrubu imelegea nyuma ya hiyo ya kumi, au waya umebanwa pamoja na ganda lake la plastiki, na hapo siku moja patapata moto. Namba zikipanda hatua kwa hatua kutoka soketi ya kwanza hadi ya mwisho kwenye saketi ambayo mchoro unasema ni ya duara, basi duara limekatika mahali na nyaya za milimita mraba 2.5 zinabeba upande mmoja mzigo uliokusudiwa kugawanywa pande mbili. Zote zikiwa juu kwa kiwango kimoja, omu 80, 81, 80, nyaya za ndani ni nzima na tatizo liko nje, kwenye rodi. Hakuna ukaguzi wa macho unaoweza kutenganisha hali hizi tatu. Kipimo kinazitenganisha kwa muda mfupi, bila kubomoa ukuta.

Lazima niseme pia jinsi kipimo kinavyoweza kudanganywa, maana wako wanaokidanganya kwa makusudi na wako wanaodhani wanasaidia. Fundi aliyekosa waya wa ardhi kwenye soketi huunganisha tundu la ardhi na nyutro kwa kipande kifupi cha waya, nyuma ya soketi hiyo. Taa tatu zinawaka vizuri. Kipima mzunguko nacho kinatoa omu moja hivi, namba safi ya kujivunia, kwa sababu kinapima njia ya nyutro. Siku nyutro itakapokatika kati ya soketi na nguzo, kwa skrubu iliyolegea, kwa tawi lililoanguka, au kwa kebo kuukuu, kila kifaa chenye bati kilichochomekwa hapo na kuwashwa kitakuwa na moto wa volti 240 kupitia mzigo wake wenyewe, bila hitilafu yoyote ndani yake. Huu ni mtego mbaya kuliko kukosa ardhi kabisa. Ndiyo maana kipimo cha mzunguko hakitangulii: kwanza umeme uzimwe, waya wa ardhi ufuatwe kwa kipima mwendelezo kutoka kwenye kisanduku hadi kila soketi, na utengano wa nyutro na ardhi uhakikishwe. Namba ndogo mno kwenye nyumba inayotegemea rodi tu inapaswa kumtia mpimaji wasiwasi, si furaha. Rodi ya mita 1.2 kwenye majivu ya Menengai haitoi omu 0.9. Mtu akiniletea namba hiyo, nitamwambia afungue soketi.

Basi ikiwa rodi haiwezi, na breka haiwezi, kinga ni ipi? Ni RCD, swichi inayolinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi na kukata ikiona miliampea 30 zimepotelea kwingine. Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitumia miaka mingi kuchunguza ni mkondo gani mwili wa binadamu unaweza kuuachilia na upi unauvuruga moyo, na kutokana na kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960 akabuni kifaa cha jamii hii kwa nyumba za Marekani. RCD ya miliampea 30 inabadilisha hesabu yote. Sharti sasa ni kwamba rodi, mkondo huo ukipita, isiruhusu bati kuzidi volti 50, na volti 50 ukizigawanya kwa miliampea 30 unapata omu 1,667. BS 7671 inaonya kwamba rodi inayozidi omu 200 huenda isiwe thabiti, kwa kuwa udongo ukikauka namba hiyo inaweza kuruka mbali. Omu 200 zinafikika hata Gilgil, kwa rodi ndefu au rodi kadhaa zilizotengana. Omu 1.1 hazifikiki.

Wapo watakaouliza hapo hapo: kama RCD inavumilia omu mia mbili, kupima kila soketi kuna maana gani tena? Swali ni la haki. Jibu la kwanza ni kwamba RCD haijui kama soketi ina waya wa ardhi. Waya ukiwa umekatika nyuma ya soketi ya jikoni, bati la jagi la umeme litabaki na moto kimya, na RCD itakata tu pale mkono wa mtu utakapokuwa ndiyo njia. Huenda ikamwokoa, lakini mtu huyo tayari amerushwa, na kama alikuwa ameshika maji yanayochemka, ameungua. Jibu la pili ni kwamba kile kitufe cha kujaribia kilicho kwenye RCD hujaribu swichi yenyewe tu. Hakigusi rodi wala nyaya za ardhi. Nyumba inaweza kuwa na kitufe kinachofanya kazi vizuri na rodi iliyong'olewa na mwizi. La tatu ni kwamba RCD ni mashine yenye springi na vumbi. Ikigoma siku ya siku, tunahitaji kujua ni nini kimebaki nyuma yake.

Nao wanaodhani tatizo ni la rodi pekee watazame mwisho wa laini. Mpango wa Last Mile, ulioanza 2015, ulilenga kuunganisha nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma, na umewapa stima watu wengi wa Subukia, Rongai, Njoro na Kuresoi ambao bila huo wangesubiri bado. Ni kazi njema. Lakini mita 600 zina hesabu yake. Chukua waya wa alumini wa milimita mraba 50: kwenda na kurudi ni karibu omu 0.77. Ongeza kebo ya kushukia ya alumini ya milimita mraba 10 kwa mita 50, omu 0.3. Ongeza transfoma ndogo ya kVA 50, omu 0.14, na mita 20 za nyaya za ndani ya nyumba, chini kidogo ya omu 0.4. Umefika omu 1.6, na mkondo wa ampea 150. Hiyo ni hitilafu inayorudi kwa shaba na alumini, bila udongo kuguswa. Hata hivyo haiifikii ampea 160 ya aina B, wala nusu ya ampea 320 ya aina C. Mafundi wengi hununua breka kwa ampea tu bila kusoma herufi iliyochapishwa kando ya namba, na mwisho wa laini herufi hiyo ndiyo inayoamua kama waya utakatiwa umeme mara moja au utachemka kwa sekunde kadhaa ndani ya dari. Kipimo cha mzunguko kati ya waya wa moto na nyutro, ambacho kifaa kile kile hukifanya, ndicho kinachomwambia fundi achague breka ndogo zaidi na ya aina B.

Pingamizi la gharama ndilo zito kuliko yote. Kipima mzunguko kizuri, kilichosahihishwa kila mwaka, ni mzigo kwa fundi anayefunga nyumba za vyumba viwili huko Bahati au Salgaa. Sitalipuuza. Lakini fundi huyo tayari anakodi drili na ngazi, na hakuna sababu chama cha mafundi cha mtaa, duka la vifaa vya umeme au chuo cha ufundi kisimiliki kipima kimoja cha kukodisha kwa siku. Kuhusu RCD, ploti ya vyumba kumi inaweza kuanza na chache zilizopangwa vizuri, na bei ya moja ni ndogo kuliko ya simu janja ya kawaida. Wanaolalamika kwamba RCD hukata ovyo mara nyingi wanasema kweli kuhusu kukata na wanakosea kuhusu ovyo. Pampu ya maji iliyolowa, friji kuukuu, nyutro iliyogusana na ardhi: hizi ni hitilafu ambazo zamani zilikuwa zikiishi kimya. Kuifunga RCD kwa waya ili isikate kamwe ni kuchagua kimya badala ya usalama. Tenganisha saketi, kila moja na RCD yake, na friji haitazimika kwa kosa la pampu.

Kisha kuna hoja ya mazoea, kwamba tumekaa na stima miaka yote hii bila vipimo na hatujafa. Tuangalie tulikuwa tunachomeka nini. Taa, redio, runinga na chaja za simu, nyingi zimejengwa kwa ganda la plastiki lenye kinga maradufu na hazitumii tundu la ardhi kabisa. Ardhi mbovu haikuonekana kwa kuwa haikuhitajika. Sasa Kenya Power yenyewe, kupitia kampeni ya Pika na Power, inawahimiza wateja wapike kwa umeme. Wafugaji wa Njoro na Molo wananunua mashine za kukamulia na za kukatia majani. Mashamba ya maua ya Naivasha yana pampu kwenye sakafu zisizokauka. Hivi vyote ni bati, maji na mikono mitupu. Ng'ombe yuko hatarini kuliko mfugaji wake: miguu yake ya mbele na ya nyuma imetengana, kwato zake zimelowa, na volti chache ambazo mtu mwenye gambuti hazihisi humfanya akatae kuingia chumba cha kukamuliwa. Mfugaji humwita daktari wa mifugo wakati ambapo pengine angemwita fundi mwenye kipima.

Kwa anayejenga leo kuna nafasi ambayo hairudi baada ya zege kumwagwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Herbert Ufer aliombwa kuweka ardhi ya umeme kwenye maghala ya mabomu karibu na Tucson na Flagstaff, katika jimbo kavu la Arizona, ambako rodi hazikufaa. Alitumia vyuma vya ndani ya msingi wa zege, na vipimo vyake vya miaka mingi baadaye vilionyesha omu chache tu, tena thabiti. Zege lililo ardhini hufyonza unyevu na kuushika. Nyumba za Kiamunyi na Gilgil zinachimbiwa msingi kila wiki kwenye udongo unaolingana na tatizo la Ufer; kipande cha nondo kikiunganishwa na vyuma vya msingi na kutolewa juu ya sakafu kingekuwa na thamani kuliko rodi tatu za baadaye. Ni kazi ya saa moja, na haifanyiki kwa sababu fundi wa stima huitwa nyumba ikiwa imeshapigwa plasta.

Sheria ya Kawi ya 2019 inaipa EPRA, mdhibiti wa sekta ya kawi, mamlaka ya kuwapa mafundi wa umeme leseni kwa madaraja, na Kenya Power hudai cheti cha fundi kabla ya kuweka mita. Muundo upo. Kinachopungua ni uzito wa namba ndani ya cheti, na kurudia kipimo baada ya miaka. Afrika Kusini, nyumba haihamishwi kwa mnunuzi bila cheti cha umeme kisichozidi miaka miwili, chenye ripoti ya vipimo, impidansi ya mzunguko ikiwemo. Kwetu nyumba hupimwa, kama inapimwa, mara moja katika maisha yake, ilhali rodi huliwa na kutu, skrubu hulegea, na shaba huibwa. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu baada ya minara ya umeme kuangushwa kwa kuharibiwa; mnara ukianguka taifa zima linajua, lakini waya wa ardhi wa transfoma au wa nyumba ukikatwa hakuna taa inayozimika mtaani. Ni kipimo tu kinachogundua. EPRA iweke kwenye cheti safu ya lazima ya impidansi ya kila soketi, ukinzani wa rodi, muda wa RCD kukata, na mwezi uliopimwa. Kenya Power ikatae cheti ambacho safu hizo ni tupu au zote zina namba moja. Na nyumba za kupangisha zipimwe upya kila baada ya miaka mitano, kiangazi.

Mpaka hilo lifanyike, mwenye nyumba ana nguvu moja mkononi, nayo ni salio la malipo. Kabla hujalitoa, mwombe fundi karatasi yenye namba ya kila soketi, tarehe, na jina la kifaa alichopimia. Akikosa karatasi hiyo, kazi yake haijaisha.